Gogo liburutwe, lisibebwe

Kila nikiona video ya mtu kaning'iniza gogo zima hewani nyuma ya trekta ndogo, na watu pembeni wanashangilia, mi roho inakuwa juu. Sawa, haidroliki imenyanyua, ila kunyanyua ni kitu kimoja na kutembea nalo ni kitu kingine kabisa.

Hebu tupige hesabu maana wengi wanakadiria kwa macho. Gogo bichi la mti mgumu, kipenyo sentimita 40, urefu mita 4, ni kama nusu mita ya ujazo, na mti mgumu ukiwa mbichi uzito wake hauko mbali na wa maji, kwa hiyo hapo una karibu kilo 500. Sasa chukua la sentimita 80 urefu uleule, mtu anadhani uzito umekuwa mara mbili kumbe ni mara nne, tani 2 hizo, pengine ni zito kuliko trekta yenyewe!

Halafu ile namba ya uwezo wa kunyanyua kwenye kitabu cha trekta, angalia imepimwa wapi. Wengine wanapima kwenye ncha za mikono ya chini, ile miwili ya nyuma ya trekta inayobeba vifaa, wengine milimita 610 nyuma ya hapo, na ukifunga lile bomba refu la kunyanyulia mzigo unasogea nyuma zaidi, uwezo unashuka vibaya, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, unazungusha usukani trekta inaenda inakotaka yenyewe. Weti za mbele, yale mavyuma ya kuongeza uzito, si mapambo bana, angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta inatakiwa ibaki mbele.

Kwa hiyo mi msimamo wangu ni kunyanyua kichwa kimoja tu cha gogo, kiachane na ardhi kidogo kisichimbe wala kunasa kwenye visiki, huku kichwa kingine kinaburuzika. Mambo yakiharibika unashusha haidroliki, gogo lenyewe linakuwa breki.

Sehemu nisiyotaka utani ni pale mnyororo unapofungwa. Ukifunga juu ya usawa wa ekseli ya nyuma halafu gogo likagonga kisiki, tairi zimeshika ardhi haziteleze, basi trekta inainua pua na kupinduka kinyumenyume juu ya dereva, haraka kiasi kwamba mguu hauwahi klachi. Na usiniambie mbona jembe linafungwa hukohuko nyuma. Ule mfumo wa mikono mitatu wa Harry Ferguson, uliosambaa kupitia trekta ya Ford 9N ya mwaka 1939, umetengenezwa hivi kwamba jembe likivutwa linasukuma mkono wa juu na kukandamiza tairi za mbele chini, mnyororo hausukumi kitu, unavuta tu. Vuta kutoka chini, fremu ya kumkinga dereva trekta ikipinduka iwe imesimama, mkanda umefungwa.

Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, nunua winchi ya PTO, yaani inayozungushwa na ile shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini. Trekta inabaki pagumu, lile bati la chini la winchi linang'ata ardhi, waya ndo unaingia msituni kulifuata gogo, yaani hata injini ndogo inafanya kazi ya maana. Ubaya wake ni waya, ukikatika unarudi kama mjeledi, kwa hiyo hakuna kusimama kwenye mstari wake, na kama umepitisha kwenye puli usikae kabisa ndani ya ile kona ya waya.

Watu wa koleo, kile kifaa cha nyuma ya trekta kinachobana gogo, watasema winchi inachosha, kutwa unapanda na kushuka. Ni kweli, na kwenye tambarare koleo linashinda, hapo hata sibishani. Ila kwenye mteremko gogo unaloliburuta linaweza kukupita au kukugonga kwa nyuma, na kama ni kuvuka mteremko kwa ubavu ndo balaa zaidi maana gogo likibingirika linaivuta trekta nalo. Winchi unapaki juu, palipo sawa, unalipandisha taratibu.