Kiwanda cha Shemeji

Shemeji yangu alihudhuria semina ya ujasiriamali, akarudi nyumbani mwenye kiwanda. Hata viatu hajavua, tayari tunajua jina la sabuni yake. Mawese alikuwa nayo, kostiki kanunua. Kilichobaki ni chombo. Akaenda kwa mama mwenye nyumba, akaazima sufuria la shughuli, lile la aluminiamu la pilau ya watu mia.

Kule semina walielekezwa ndoo ya plastiki. Shemeji akasema ndoo ni za wanaojaribu.

Akajaza maji, akamimina kostiki taratibu. Maji yakapata moto, na jiko hakuna. "Mmeona? Hata mkaa tumeokoa!" Hapo hakudanganya: kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, ikiyeyuka majini hutoa joto jingi. Shida ni povu lililofuata. Sufuria likaanza kufoka lenyewe, linazomea, weupe wake wote ukageuka kijivu, kisha weusi.

Mwanangu wa darasa la sita akachomoza kichwa dirishani. "Mjomba, hilo ni badiliko la kikemikali!"

"Badiliko la umbo tu, mjomba. Kama barafu. Likipoa litarudi."

Thubutu! Kostiki huila aluminiamu, na gesi inayotoka ni haidrojeni, ambayo na moto hawataniani. Mke wangu alikuwa hapo hapo uani anakaanga mihogo. Yule mtoto alipotamka "haidrojeni" na "mlipuko" kwa pumzi moja, mama aliinua jiko la mkaa na karai juu yake, akatokea barabarani. Sina hakika aligusa ngazi. Mihogo haikudondoka hata kipande.

Povu lilipotulia, kitako cha sufuria kilikuwa chujio, na kiwanda kizima kinaelekea mtaroni.

Ndipo mama mwenye nyumba akaingia kuulizia chombo chake. Shemeji kimya. Mtoto akamsaidia: "Bibi, hakijapotea. Mwalimu anasema maada haiteketei, inabadilika tu. Aluminiamu yako imo kwenye haya maji, na mjomba kasema itarudi kama barafu."

Bibi akainama, akayatazama maji yanavyokwenda zake.

"Haya baba," akamwambia shemeji. "Nigandishie basi. Jumamosi nina maulidi."

Jumamosi shemeji alikuwa uani kwa bibi, hana simu tena, anasugua sufuria jipya. Kwa sabuni ya dukani.