Mimi Sipandi Nyuma

“Mama, wewe panda nyuma, nitakufikisha popote.” Niliambiwa hivyo Jumamosi iliyopita kwenye gati moja la kaskazini mwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu huku kwetu Kongo, na aliyeniambia hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa kijana mwenye adabu, alikwisha kuwasha pikipiki, na alikipangusa kiti kwa kiganja kama mtu anayemkaribisha shangazi yake. Nilikuwa nimetoka Goma alfajiri, nimevaa jaketi la kujiokolea nililolinunua mwenyewe baada ya ile boti iliyotoka Minova kuzama mbele ya bandari ya Kituku, hapo Goma, mnamo Oktoba 2024, na nilikuwa na haja moja tu: kuikodi pikipiki ile kwa siku nzima na kuiendesha mimi, peke yangu. Nilipomweleza hivyo alicheka, kisha akawaita wenzake ili nao waje wacheke.

Sina ugomvi na wamotari, hao waendesha pikipiki za abiria. Bila wao Goma yote ingekuwa imesimama kabla ya saa tatu asubuhi. Lakini kusafirishwa ni jambo moja na kutembea ni jambo jingine. Mwaka jana nilikizunguka kisiwa hichohicho nikiwa nimeketi nyuma ya motari, na nikiulizwa niliona nini, jibu la kweli ni kwamba niliona mgongo. Niliufahamu vizuri sana mgongo ule: koti la ngozi ya bandia, mshono uliofumuka begani, na herufi tatu za jina la timu ya mpira ambazo zilikuwa bado hazijabanduka. Nilimwomba asimame kwa mama mmoja aliyepanga mananasi kando ya njia, akasema mbele kuna mazuri zaidi. Tulipofika huko mbele nikamwomba tena, akasema mbele kidogo. Tulimaliza safari bila nanasi, katika kisiwa ambacho mananasi yake yamejaa kwenye masoko yetu. Yule kijana hakuwa mkaidi. Alikuwa na fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki kila jioni, na kila dakika niliyotaka kuitumia kulitazama ziwa ilikuwa abiria mwingine anayempotea.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kwingine jambo hili hufanyika bila kelele. Mwaka 2022 nilikuwa Zanzibar, nikakodi vespa kwa siku mbili, nikapewa kofia ngumu, kibali cha muda cha kuendesha, na onyo kwamba kule watu hupita kushoto. Onyo hilo nililisahau kwenye mzunguko wa kwanza, na dereva wa daladala akanikumbusha kwa Kiswahili fasaha ambacho shuleni hatukufundishwa. Hata hivyo nilifika Jozani, nikawatazama kima punju hadi wao ndio wakanichoka, kisha nikaendelea hadi Paje, na njia nzima hakuna aliyeniuliza dereva wangu yuko wapi. Ndiyo, Unguja ina lami, ina watalii, ina biashara iliyozoeleka, na Idjwi haina hata kimoja kati ya hivyo. Nakubali, ingawa sikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu lami haijawahi kuwa sharti la pikipiki katika Kivu. Sisi tumejifunza kuendesha juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo.

Tena Idjwi ina ukubwa unaofaa. Kina urefu wa kilomita zipatazo 40, na kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika ni Ukerewe pekee inayokizidi kwa ukubwa. Ni kisiwa cha siku moja ya pikipiki, na jioni unarudi ukiwa na vumbi la kutosha. Vita vilivyoichoma nchi kavu pande zote mbili za ziwa vimekipita pembeni kwa kiasi kikubwa. Wajerumani walikiteka mwaka 1914, Wabelgiji wakakitwaa tena mwaka 1916, na nina hakika hakuna ofisa wa upande wowote aliyeambiwa apande nyuma. Mwanamke wa Goma, mwenye kadi ya mpiga kura ya nchi hii na miaka sita ya kuendesha, ndiye anayejadiliwa gatini na wanaume kumi na mmoja.

Niliwahesabu. Wala tusidanganyane: mwanamume angepewa ufunguo baada ya kupatana bei. Mji wetu umeijengea chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, sanamu ya rangi ya dhahabu, na juu yake amewekwa mwanamume, ilhali mama anayepanda kutoka ziwani na mzigo uliofungwa kwa kamba kwenye paji la uso hana sanamu wala chukudu.

Hatimaye akaja mwenye pikipiki, mzee aliyevaa suti ya kahawia na kandambili. Hakucheka. Aliuliza swali moja: “Mwanangu, ukianguka, nani atalipa?” Hapo ndipo hasira yangu ilipopungua kidogo, kwa maana lilikuwa swali la haki. Pikipiki ile haikuwa na bima, na ndiyo iliyokuwa ikilipa karo za wajukuu wake. Mimi nilikuwa mgeni mwenye maneno mengi. Tulichana karatasi ya daftari la shule, nikaandika kwamba nimeichukua nikiwa na akili timamu, kwamba chochote kitakachovunjika nitakilipa, nikamwachia kadi yangu na dhamana ya dola 50. Bei ya siku pamoja na dereva ilikuwa dola 10. Bila dereva ilikuwa 15. Nilidhani amekosea hesabu, akanieleza kwa upole kwamba yule kijana atakaa bure hadi jioni na tumbo lake halitakaa bure.

Nilinunua petroli iliyojazwa kwenye chupa mbili za maji, nikaondoka kuelekea kusini. Nilisimama kwa mama wa kwanza mwenye mananasi. Alilimenya moja kwa kisu kirefu, akianzia juu na kulizungusha, akaacha kishina cha kushikia, na kabla ya kunipa akatazama njia nyuma yangu: “Dereva wako anakuja?” Nilisimama mahali walipoanika sambaza, vile visamaki vya ziwani, juu ya nyavu, nikasimama tena kwa sababu tu ziwa lilikuwa limebadilika rangi baada ya wingu kupita, nikazima injini na kuketi juu ya jiwe, huku hakuna mtu anayeangalia saa. Katika kila kituo swali lilikuwa lilelile. Mzee mmoja, baada ya kuelezwa mara mbili, alinipa pole.

Mvua ilininyeshea mchana, ikanyesha robo saa tu, na udongo mwekundu ukageuka sabuni. Kwenye mteremko mmoja kati ya migomba nilianguka taratibu sana, kiasi kwamba nilipata muda wa kujionea aibu kabla sijafika chini. Bomba la moshi liliniunguza shavu la mguu. Wanawake watatu waliokuwa wakipanda na mizigo waliitua, wakaiinua pikipiki kabla ya kuniinua mimi, mmoja akanimwagia maji kutoka kwenye galoni lake, na mwingine, akiutazama mkono wa klachi uliopinda, akauliza ni nani aliyenipa kitu hiki.

Jioni mzee aliizunguka pikipiki mara mbili, akapiga magoti, akaugusa ule mkono wa klachi. Alikata dola 6, akanirudishia zilizobaki pamoja na kadi yangu. Yule kijana wa asubuhi alikuwa hapo, ameshiba, akanitazama mguu bila kusema neno, na kwa hilo namshukuru. Kisha mzee akatoa daftari lilelile na kuniomba niandike upya ile karatasi kwa mwandiko mzuri, ila mahali pa jina niache wazi, kwa kuwa huenda mwingine akaja. Niliandika. Alipokwisha kuisoma, midomo ikifuata kila neno, alinipokonya kalamu na chini kabisa akaongeza mstari wake mwenyewe: Mvua ikinyesha, unasukuma.