Tungule ya Katibu

Imelia tena. Dakika 25 zimekwisha na risala ya mtaa ina maneno matatu: Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Hayo yenyewe niliyaandika mwezi uliopita. Leo nimejifungia ndani kabisa, umeme nao ukakatika, nikakaa kizani nangojea simu ilie.

Mimi ni katibu wa mtaa. Sikuomba. Mkutano ulipofika kwenye ukatibu nilikuwa nimetoka kwenda kutia udhu, niliporudi nakuta napigiwa makofi. Risala inasomwa Jumapili, leo Alkhamisi, na kila nikimuona mwenyekiti kwa mbali nakata uchochoro. Shukurani zote kwa waliojenga Mji Mkongwe.

Binti yangu kanionea huruma. "Baba, fanya tungule." Akanieleza habari za Mtaliano, Francesco Cirillo, mwanafunzi wa chuo kikuu miaka ya mwisho ya 1980. Kusoma kunamshinda, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la tungule, yaani nyanya, akaitega. Kwao tungule ni pomodoro. Unatega dakika 25, unafanya jambo moja tu, ikilia unapumzika dakika 5. Ukimaliza nne unapumzika zaidi, hata nusu saa. Nikasema huyu bwana ananijua.

Jumatatu nikaenda Darajani kutafuta saa ya tungule. Usiniulize. Nilirudi adhuhuri na mafungu mawili ya tungule zenyewe, na pweza.

Jana nikatega simu. Nikakaa, mlango nimeurejesha, uso nimeukunja kama kadhi. Dakika ya tatu:

"Hodi!"

Ami. Sasa, Mtaliano kaacha na maelekezo: mtu akikukatiza, mwambie una kazi, mpatane wakati mwengine, kisha umfuate mwenyewe. Na tungule haigawiki, ikikatizwa imeoza, unaanza upya. Vizuri. Lakini huyo Mtaliano ana ami?

"Karibu Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Wanao?"

"Wazima."

"Mama yao?"

"Mzima."

"Na mkweo wa Chake?"

"Mzima, Ami, ila mie hapa nna..."

"Na goti lake?"

Mkwe wangu ana magoti mawili. Tuliyapitia yote mawili. Dakika ya tisa nikapiga moyo konde: "Ami, nna kazi kidogo ya kuandika. Nikufuate baada ya laasiri?"

Akalitazama daftari, akanitazama mie. "Kazi gani? Si umekaa?"

Ndiyo, nimekaa! Kwani risala inaandikwa kwa kusimama? Fundi akiwa juu ya paa hakuna anayemwita ashuke aulizwe goti la mkwewe. Mvuvi hafuatwi baharini. Mwenye jembe watu wanampita mbali, wasije wakaambiwa wasaidie. Ushike kalamu sasa! Huyu anataka kuandikiwa barua, yule kusomewa ujumbe wa simu, mtoto katumwa kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Na risala yenyewe ni yao! Jumapili ikiharibika, haohao watasema katibu mvivu.

"Basi nisomee ulipofika," Ami akasema.

Nikasoma: "Mheshimiwa Mgeni Rasmi."

Akafumba macho, akatafakari. "Umemtanguliza mgeni kabla ya Mungu."

Hapo simu ikalia. "Pokea, pokea!"

"Si simu, Ami. Ni tungule."

Nikamueleza yote, tangu Italia. Katika maelezo yote yale Ami alisikia neno moja. "Kumbe sasa ni mapumziko?"

"Dakika 5."

"Twende tukanywe kahawa."

Kikombe cha kahawa ni kidogo, dakika 5 zinatosha, na wallahi sikunywa zaidi ya kimoja. Lakini huwezi kukaa barazani bila kuulizwa habari za nyumbani, na pale tuliwakuta watu kumi na moja. Goti la mkwe wangu sasa linajulikana mpaka Malindi. Mmoja akasema lisuguliwe mafuta ya karafuu, mwengine akamkatalia: ni ya nyonyo, yapashwe moto kidogo, lisuguliwe usiku kuelekea chini, lifungwe kitambaa cha pamba, na asubuhi lisiguswe na maji baridi. Nikaomba kalamu nisije nikasahau. Yote nimeyaandika nyuma ya daftari, mistari sita, hakuna hata neno moja nililolifuta.