Reli moja, makala ngapi?

Anayetaka kuiandikia reli ya Afrika Mashariki kwenye kamusi elezo ya Kiswahili hatakosa habari. Kazi ngumu ni kuamua makala yake ni ya kitu gani. Shirika la East African Railways and Harbours liliundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikatengwa zikapewa shirika lake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikaanzisha shirika lake la reli. Yaani shirika halikutimiza hata miaka 30. Reli zenyewe zililitangulia na zikabaki baada yake: ujenzi ulianza Tanga 1893, Mombasa 1896, Dar es Salaam 1905.

Wapo watakaotaka makala moja kubwa, na hoja yao nzito ni ya nguvukazi. Wahariri wa Kiswahili ni wachache. Ukifungua makala kwa kila njia na kila stesheni, utaishia na mbegu, yaani makala changa, za sentensi mbili, kwamba stesheni fulani ipo kati ya hii na ile, nazo zitakaa hivyo miaka nenda miaka rudi. Isitoshe, mambo mengi ya reli hii hayagawanyiki. Njia zote zilikuwa za upana wa mita moja. Chukua vile vichwa vya mvuke vya daraja la 59, injini 34 za aina ya Garratt zilizoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimojawapo, Mount Gelai, kipo leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kichwa kilichobeba jina lake kilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na mwenye mali alikuwa shirika la nchi tatu. Ukigawa makala kwa nchi, kichwa hiki utakiweka wapi?

Hapo nakubaliana nao kabisa kwamba tusigawe kwa nchi, ingawa ndiko kunakovutia wengi: mashirika yaliyorithi ni ya kitaifa, na jamii za makala, yaani makundi ya kuzipangia, nazo zimezoea kwenda kwa nchi. Lakini historia inakataa. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, mahali hapo palihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka uliofuata mkoa mzima ukahamishiwa upande ambao sasa ni Kenya. Kampala yenyewe ilifikiwa na reli kutoka pwani mwaka 1931. Kisha kuna njia ya Voi, Taveta hadi Kahe, iliyojengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilipokuwa likisonga mbele kupambana na Wajerumani. Ukifuata mipaka, utaikata vipande viwili pale Taveta, na hakuna kipande kitakachoeleza kwa nini ilijengwa.

Hata hivyo makala moja kubwa ina kasoro ambayo watetezi wake hawaigusi. Inafuata shirika, na msomaji ataamini kwamba 1948 kila kitu kiliungana. Kwenye makaratasi, sawa. Chini, reli ya Tanga na Reli ya Kati, ile ya kutoka Dar es Salaam, hazikuunganishwa hadi 1963, ilipokamilika njia ya Mnyusi hadi Ruvu. Behewa lililopakiwa Moshi liliweza kufika Nairobi kwa reli miaka mingi kabla ya kuweza kufika Dar es Salaam. Jambo kama hilo linabadilisha unavyouelewa uchumi wa kaskazini mwa Tanganyika, na ndani ya makala kubwa litapata nusu sentensi, likipatikana. Njia ya kusini, ya Mtwara na Nachingwea, hali yake ni mbaya zaidi. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, haikuunganishwa na reli nyingine yoyote, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikwisha kufungwa. Katika hadithi ya shirika ni tanbihi tu. Ukiipa makala yake, ni kisa kamili chenye mwanzo, sababu na mwisho.

Kwa hiyo mimi ningegawa kwa njia. Taruma lilikaa palepale huku wenye shirika wakibadilishana majina. Ila mgawo huu nao una pa kukwama, napo ni kwenye watu. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga njia ya Mombasa, na karibu 2,500 walikufa. Hao wataenea vizuri katika makala ya njia hiyo. Lakini mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, uliowashirikisha watu wa reli na wa bandari, haumo katika njia yoyote. Huo ni wa historia ya kazi, upewe makala yake, na makala ya shirika ielekeze huko.

(Simba wa Tsavo, wale wawili waliowala wajenzi wa njia ya Mombasa, nao wabaki na makala yao. Mhandisi Patterson, aliyewaua mwaka 1898, alidai baadaye kwamba walikula watu 135; utafiti wa mwaka 2009 uliopima nywele na mifupa yao ulikadiria 35 hivi. Kwa namna wanavyosimuliwa, wanameza nafasi ya maelfu waliokufa kwa maradhi na ajali.)

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na SGR, reli mpya za kisasa, hazina ubishi. Hazikuwahi kuwa za shirika hili na upana wa reli zake ni tofauti. Kiungo kimoja kinatosha.

Kiutendaji, ningeanza na makala fupi ya shirika, kisha makala za njia: Mombasa–Kisumu, Nakuru–Kampala, Voi–Kahe, Tanga–Arusha, Reli ya Kati na tawi lake la Mwanza, Mtwara–Nachingwea. Voi–Kahe iingizwe katika jamii za Kenya na za Tanzania pia, bila kuona haya. Stesheni ndogo ziwe maelekezo tu, yaani majina yanayompeleka msomaji kwenye makala za njia zake, mpaka atokee mwenye la kusema juu ya Makindu au Korogwe zaidi ya kwamba treni husimama hapo.