Dirisha la paa limenigomea

Gari la zamani lina mambo! Dirisha la paa, lile la kuzungusha kwa mkono, limegoma katikati: halifungiki, halifunguki, na mawingu ndiyo hayo yanajikusanya. Nazungusha mpini, gia zinalia krr krr, kioo kimetulia tuli. Ukilazimisha, meno ya gia yanakatika au waya unaosogeza kioo unapinda, hapo umekwisha. Kumbe mchawi ni grisi iliyokauka miaka nenda rudi, ikachanganyika na vumbi kwenye reli anamoteleza kioo hadi ikawa gundi. Nani hupaka grisi huko juu? Hata mimi sikuwahi. Nimesugua kwa mswaki mkuukuu, nikapulizia silikoni ya kulainisha, nikasukuma kioo kwa kiganja huku nazungusha taratibu. Kimesogea. Upande mmoja tu!