Sori ni pole au ni samahani?

Juzi pale soko la Sabasaba hapa Dodoma dogo mmoja wa bodaboda aligonga beseni la mama muuza zabibu, zabibu zikamwagika vumbini, dogo akasema "sori mama" huku pikipiki inanguruma na mguu uko kwenye gia. Mama akamwambia, "Sori ndo nini? Nipe pole au niombe samahani, moja nijue."

Hilo swali limenikaa kichwani kweli. Sorry ya Kiingereza cha kale ilikuwa sarig, mtu mwenye maumivu, ni ndugu wa sore yani kidonda au mahali panapouma. Wengi wanadhani imetoka kwa sorrow, huzuni, kumbe mizizi ni tofauti, maneno yenyewe yamekuja kukaribiana tu baadae. Sasa anayesema sorry kwa asili anasema "mi naumia", kosa la nani hajasema, na utata huo umefika mpaka bungeni, jimbo la Ontario kule Kanada walitunga sheria mwaka 2009 kwamba mtu akiomba radhi, hata kwa kusema sorry, isihesabike kakiri kosa.

Kwetu kazi iligawanywa. Pole anapewa aliyeumia hata kama we hukuhusika, mtu kajikwaa tu njiani unampa pole yake, samahani anaomba aliyekosa.

Ila wanaotetea sori wana hoja na siyo ndogo. Kwanza samahani nayo tumeichosha, tunaitumia hata kuulizia njia ya kwenda Majengo, hapo umekosa nini? Halafu yenyewe ni ya Kiarabu, ilikopwa kama sori inavyokopwa leo. Na pengine yule dogo alimaanisha vyote viwili kwa mpigo, nimekukosea na naona umeumia.

Bado mi niko na mama. Mkikanyagana kwenye daladala sori inatosha kabisa, lakini mtaji wa mtu ukiwa chini lazima ajue kama unamhurumia tu kama mpita njia au unabeba kosa lako, na sori inakuacha katikati unachungulia pa kutokea.

Dogo alizima pikipiki akashuka, "samahani mama, nimekosea", akachuchumaa wakaanza kuokota wote. Mama akamwambia zilizopasuka weka huku pembeni mwanangu, hizo haziuziki tena.