Daftari la wageni linajua jina lako, halijui utashukaje

Ukiingia jengo la ofisi za umma hapa Dar es Salaam, kitu cha kwanza ni daftari. Jina, namba ya simu, unakotoka, unakwenda kwa nani, saa ya kuingia, sahihi. Kwingine wanabaki na kitambulisho chako na kukupa kadi ya mgeni uivae shingoni. Mimi natumia kiti mwendo, nimeandikishwa kwenye madaftari mengi, na sijawahi kuulizwa swali ambalo siku ya moto litakuwa na maana kuliko namba yangu ya simu: lifti ikizimwa, utashukaje?

Simlaumu mlinzi. Daftari lile liliwekwa kwa ajili ya wezi, naye anafanya alichoelekezwa. Namlaumu anayesimamia jengo, ambaye ana orodha ya kila mtu aliyepanda juu na kengele ikilia haitumii kwa lolote.

Kwa miaka mingi kelele zetu zimekuwa za rampu, na zilistahili. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 11 inahusu usalama wetu wakati wa hatari na maafa. Lakini majengoni, haki imeishia kwenye kuingia na kupanda. Pembeni ya lifti ile ile iliyonipandisha kuna kibao: moto ukitokea usitumie lifti, tumia ngazi. Kibao kinasema kweli. Umeme unaweza kukatika mkiwa katikati, moshi hupenya kwenye njia ya lifti, na mlango unaweza kufunguka kwenye ghorofa inayoungua. Ila kwangu mimi maelekezo yale yameandikwa nusu.

Nusu ya pili huwa naiona umeme ukikatika na jenereta isiwake. Inaitwa "vijana, njooni." Wanakuja watatu, wanne, kwa moyo mwema kabisa, na kila mmoja anashika anapopaona. Mmoja anashika egemeo la mkono, ambalo kwenye viti vingi huchomoka likivutwa juu. Mwingine anashika pa kuwekea miguu, napo panachomoka. Hakuna anayehesabu moja, mbili, tatu ili wanyanyue pamoja, wala anayeniuliza nishikwe wapi. Siku ya kawaida hayo yanavumilika, hata utani unapigwa. Kwenye moshi, na ngazi zimejaa watu wanaokimbia, hapana. Tena kiti cha betri kinaweza kupita kilo 100 kabla mwenyewe hajakikalia. Hicho hakibebwi, kinaachwa, anabebwa mtu.

Tofauti ya kujiandaa na kutojiandaa ilishaonekana New York. John Abruzzo alikuwa akifanya kazi ghorofa ya 69 ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center, akitumia kiti mwendo. Bomu lilipolipuliwa pale mwaka 1993, kumtoa kulichukua kama saa sita. Baada ya hapo vikanunuliwa viti maalumu vya kushushia watu, vile vinavyoteleza juu ya ngazi huku mtu mmoja akivishika kwa nyuma. Septemba 11, 2001, wenzake kumi walimshusha kwa kiti hicho kwa muda wa saa moja na nusu hivi, wakatoka wote kabla mnara haujaanguka. Katika mnara huo huo, ghorofa ya 27, Ed Beyea alibaki akisubiri waokoaji pamoja na rafiki yake Abe Zelmanowitz, aliyekataa kumwacha. Wote wawili walikufa. Aliyekuwa juu zaidi ndiye aliyetoka.

Na hao walikuwa wafanyakazi, watu wanaojulikana wanakaa dawati lipi. Karibu na kwetu, usiku wa Oktoba 25, 2022, moto uliua watu 11, wengi wao watoto, katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, Uganda. Pale kila mtu alijua kwamba wanaolala humo hawaoni. Kama kujulikana tu hakutoshi, fikiria mtu aliyekuja mara moja kufuatilia cheti cha kuzaliwa, hajui ngazi ziko upande gani, na aliyempokea ametoka kwenda kunywa chai.

Uingereza wametenganisha mambo mawili: mfanyakazi mwenye ulemavu huandaliwa mpango wake binafsi, akishirikishwa mwenyewe, na kwa wageni jengo huwa na mpango wa jumla unaomsubiri yeyote atakayeingia. Sheria yao ya mwaka 2005 inamwajibisha msimamizi wa jengo, na miongozo yake inasema mpango huo usitegemee zimamoto kufika. Hapa kwetu ukiuliza mpango, unajibiwa "tutapiga 114." Pigeni, ndiyo. Lakini gari la zimamoto linapita kwenye foleni ile ile mnayoijua.

Mimi ningeanza na daftari, kwa sababu lipo tayari na halihitaji bajeti. Ongezeni safu moja: "Kukitokea dharura, utahitaji msaada kushuka ngazi au kujua kwamba kengele imelia?" Aulizwe kila mtu, si mimi ninayeonekana tu. Mwenye pumu hana alama usoni, wala aliyetoka kufanyiwa upasuaji wiki iliyopita, wala mama mjamzito wa miezi minne, wala mzee ambaye magoti yake yanakubali kupanda na kukataa kushuka. Akijibu ndiyo, mlinzi apige simu ya ndani, aseme ghorofa na chumba, basi. Kadi ya rangi tofauti shingoni siitaki. Sina haja ya kutangazwa kwa kila ninayekutana naye koridoni.

Jambo la pili ni mwenyeji. Ofisi iliyompokea mgeni ndiyo iwe na dhamana naye mpaka atoke getini. Mpokeaji akitoka kwenda chai, amkabidhi kwa mtu. Hapo ndipo kiziwi naye anaingia, maana ulemavu wake hauonekani mpaka umwite. Mfikirie kiziwi akiwa chooni amejifungia, king'ora kinalia, koridoni watu wanakimbia, naye ananawa mikono kwa utulivu. Taa za kuwaka na kuzima ndani ya vyoo kengele inapolia zingemaliza tatizo hilo. Ambako hazipo, mtu mmoja wa kila ghorofa apewe kazi ya kukagua vyoo, awe na funguo, asiishie kugonga mlango. Kwa asiyeona ni rahisi zaidi: mpe kiwiko chako ashike, mweleze ngazi zinapoanza na zinapoisha, usimsukume mgongoni.

Wapo wanaosema dawa ni kuhamishia huduma zote chini. Kwa kaunta za wananchi nakubali, afisa ashuke na faili. Lakini naijua tabia yetu: kesho nitaambiwa mkutano uko ghorofa ya saba, "wewe tusubiri hapa chini kwa usalama wako." Hapo usalama unakuwa kisingizio cha kunitoa kikaoni. Kama ghorofa ya saba inapokea watu, iwe na kiti cha kushushia ukutani, karibu na ngazi, na watu waliofundishwa kukitumia. Iwe pia na sehemu ya kusubiria kwenye ngazi, yenye mlango unaozuia moto na simu ya kuzungumza na walioko chini. Siyo stoo ya viti vibovu, kama nilivyozoea kuona.

Halafu mazoezi. Mengi hufanywa wakati wageni hawapo, wafanyakazi wanashuka wakicheka na simu mkononi, picha zinapigwa, imekwisha. Fanyeni Jumatatu saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Waombeni SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, wawaunganishe na watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, na muwalipe nauli na muda wao. Na mfanye tena jioni, wakati walinzi wanapobadilishana zamu, muone kama anayepokea daftari anajua nani bado yuko juu.